Halima na Jua la Koboko

Ninyi wauguzi wa leo mmeikuta feni ukutani. Mmezikuta na mashine za kupiga picha ndani ya kichwa cha mtu, hata kama ya karibu iko mbali na mgonjwa husubiri miezi kuifikia. Mkija kunitembelea hapa nyumbani Aroi na madaftari yenu, huwa nacheka nanyi kidogo. Juzi mmoja wenu, Driwaru, aliniuliza, "Mama Ayikoru, enzi zenu mlikuwa mkiwafanyia nini watu wa maltipo sklerosisi, wale wasiostahimili joto?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunawachemsha. Akadhani natania.

Sikuwa natania. Mimi mwenyewe nilimchemsha mmoja, na ndiye nitakayewasimulia.

Mwaka ni 1972, mahali ni Arua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, muuguzi mwenye cheti kipya na viatu vyeupe nilivyovipaka chokaa kila Jumapili. Hospitali yenyewe sitaitaja. Wengi tuliofanya nao kazi wamekufa na hawawezi kujisemea. Nilipangwa chumba cha mazoezi ya viungo chini ya Mzee Andama, mfunga vidonda, dresa wa zamani aliyejifunzia kazi jeshini wakati wa Waingereza. Andama alikuwa na imani moja: joto. Alichovya vipande vya blanketi katika ndoo inayotokota, akavikamua kwa vijiti viwili asiungue, akazungushia miguu ya watoto wa polio, na watoto waliacha kulia. Siku moja kufuli ya kabati la dawa ilikwama. Andama akaileta birika, akaimwagia maji ya moto, kufuli ikafunguka. Akatutazama mmoja mmoja. "Joto nalegeza kila kitu," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Basi akaja Halima. Alikuwa Mnubi wa Koboko, wa miaka ishirini na minane hivi, mke wa sajini aliyeitwa Khamis. Alishuka kwenye lori la mizigo akaingia chumbani kwetu ameshika ukuta. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akiwauzia madereva wanaokwenda Sudan. Alituambia kwamba ilianza kama amevaa soksi ambazo hakuzivaa. Kisha jicho la kushoto likauma, likaingia ukungu kwa wiki kadhaa, likapona lenyewe. Sasa ilikuwa miguu. Wakati mwingine aliyumba barabarani hadi watu wakasema amelewa, yeye ambaye pombe hajawahi kuionja.

"Sista, tanuri nakula miguu yangu," akaniambia. "Asubuhi miguu iko. Nakaa kwa moto kidogo, miguu nakwenda."

Nililisikia sentensi hiyo kwa masikio tu. Mgonjwa alikuwa ameshanipa ugonjwa wake mkononi, ukiwa mzima, na mimi nikauweka kando kwa sababu haukufanana na kitabu changu.

Mzee Andama aliibonyeza misuli ya mapaja, akaiona imekaza. "Beseni kubwa," akaniamuru, akatoka kwenda kufunga plasta ya mtu mwingine. Nikalijaza beseni la bati, nikapima maji kwa kiwiko, nikamwingiza Halima hadi kiunoni. Nilijisifu moyoni kwa jinsi maji yalivyokuwa sawasawa. Hazikupita dakika nyingi, akageuza kichwa kama mtu anayetafuta aliyemwita.

"Sista, jicho yangu imezima."

Nikadhani ni mvuke. Nikampangusa uso kwa taulo. Lilikuwa la moto pia.

"Sista, miguu yangu iko wapi?" Na maneno yake yakaanza kuburuzika, kama ulimi umekuwa mzito. Kisha akateleza, maji yakamfika kidevuni. Nikapiga kelele. Mimi na mfagiaji aliyenisikia tukamshika kwapani tukamtoa, tukamlaza juu ya saruji tupu kwa sababu hatukuweza kumfikisha kitandani, nami nikakimbia bila viatu kumwita daktari. Nilijua nimeua mtu.

Daktari wetu alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Tulipofika, Halima alikuwa bado pale chini, ubavu wake umelowa, shavu kwenye saruji. Akamtazama daktari kwa muda mrefu.

"Naona kifungo ya koti yako," akasema. "Mbele ilikuwa giza. Sasa naona."

Daktari hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani, yalichukua muda gani kumzima, na saruji ilichukua muda gani kumrudisha. Yote akayaandika. Kisha akaniambia kwamba kwao, zamani, waliwatia wagonjwa kama huyu katika maji ya moto kwa makusudi ili ugonjwa ujionyeshe. "Umefanya kipimo bila kujua, Sista. Usikirudie."

Nikawa najifunza nikiwa nimesimama pekupeku. Alisema huo ndio maltipo sklerosisi: mishipa ya fahamu ni kama waya za umeme, na ganda la nje la waya za Halima limeliwa hapa na pale. Mwili ukipoa, habari kutoka kichwani hupita kwa taabu lakini hupita. Mwili ukipata joto kidogo tu, hukwama njiani. Joto lenyewe haliozeshi mshipa. Ukimpoza, anarudi pale alipokuwa. Lakini ugonjwa wenyewe utaendelea na hatua zake, na dawa ya kuuondoa hakuna. Hilo la mwisho alilisema akitazama mikono yake.

Jioni ile Mzee Andama aliketi karibu na ndoo yake. Haikuwa na moto chini. "Miaka ishirini mimi nachemsha watu," akasema. "Wale nalisema dawa imewachosha, wakakataa kurudi. Walikuwa wangapi kama huyu?"

Daktari aliondoka mwaka uliofuata, wakati wageni wengi walipokuwa wakiondoka. Jumatatu moja tulikuta kiti chake kitupu na stethoskopu imening'inia. Hakuja mwingine aliyelijua jina la ugonjwa ule, na mtu pekee katika wilaya nzima aliyeujua ugonjwa wa Halima akawa mimi, niliyekuwa nimemchemsha.

Nilihamishiwa zahanati moja Koboko mwaka wa 1974. Siku ya pili nikaenda kumtafuta. Watu walinionyesha nyumba kwa fahari: ukuta wa matofali, na juu mabati mapya yaliyowaka hadi unafumba macho. Khamis alikuwa amepanda cheo. Alimjengea mke wake mkubwa nyumba ya mabati, madirisha madogo kwa hofu ya wezi, dari hakuna.

Nilimkuta Halima amelala ndani kitandani saa saba mchana, kanga imemgandia mwilini. Alijaribu kuinuka anisalimu, mkono ukaanguka. Nilipogusa ukuta nikautoa mkono wangu kwa joto lake. Alikuwa ameacha kuoka mikate, lakini nyumba yenyewe ilikuwa imegeuka tanuri, na yeye ndiye aliyekuwa ndani yake kuanzia saa nne hadi jua linapozama.

Nyuma palikuwa na nyumba ya zamani ya udongo na majani, sasa jiko. Ndani yake palikuwa na ubaridi kama chini ya mtungi. Nikajua la kufanya. Tatizo lilikuwa kumwambia Khamis.

Vijana, miaka ile kumwambia mwanajeshi kwamba amekosea halikuwa jambo dogo. Watu walipotea kwa maneno machache kuliko hayo. Alipokuja likizo nilimwendea mchana, nikamwamkia, nikaketi pale nilipoonyeshwa.

"Mimi najenga mabati," akasema nilipomaliza, polepole, "na wewe nataka bibi yangu nalala kwa majani kama mbuzi? Watu nasema nini?"

"Afande," nikamwambia, "nakuomba kitu kimoja. Kesho kaa naye humo ndani tangu adhuhuri mpaka alasiri. Usitoke. Kama ukitoka na kuniambia anaweza kuishi humo, sitasema tena."

Nadhani alikubali kwa kiburi. Kesho yake aliingia na sare yake. Mimi nilikaa nje kwenye kivuli cha jiko na Mariam, mke wake wa pili, binti wa Arua aliyeolewa mwaka ule, aliyekuwa akikanda unga bila kunitazama. Wakati wa alasiri Khamis akatoka, shati limekuwa jeusi kwa jasho, akakaa kizingitini.

"Yeye nakaa humo kila siku?"

"Kila siku, afande."

Akainuka, akakibeba kitanda mwenyewe hadi nyumba ya majani. Hakumwita mtu amsaidie.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo furaha ikaingia. Haikuingia. Mji wote uliona mke mkubwa ametolewa kwenye mabati na mke mdogo amebaki ndani. Wanawake walikuja kumpa Halima pole kama ya talaka. Miguu yake ilipata nguvu hadi saa sita, mara nyingine saa saba, lakini uso wake ulikuwa chini. "Sista," akaniambia, "miguu narudi, heshima nakwenda." Andikeni hilo kwenye madaftari yenu. Mnapohamisha kitanda cha mtu, mnahamisha na mengine.

Mariam naye alikuwa na mzigo wake. Sasa ndiye aliyeoka mikate, ndiye aliyechota maji, na aliamini kwamba mwenzake anajifanya. Alinijia zahanati akiwa na hasira na unga kwenye nyusi. "Asubuhi yeye nacheka, nafagia, nasuka. Saa tano, amekufa. Ugonjwa gani hii najua kusoma saa?"

"Ni huohuo," nikamwambia. "Ndiyo kazi yake, kusoma saa."

Hakuniamini, na simlaumu. Uchovu wa ugonjwa huu hauonekani. Mimi mwenyewe nilidhani ni kama uchovu wangu baada ya zamu ya siku mbili, hadi Halima aliponisahihisha. "Wewe nachoka baada ya kazi. Mimi naamka, na uchovu imeamka mbele yangu."

Kwa hiyo tulipanga siku zake upya, mimi na yeye, kwa kujaribu na kukosea. Kazi ya nguvu aliimaliza kabla jua halijapanda juu ya miti. Alipumzika kabla ya kuchoka, na hilo ndilo gumu kuliko yote kumfundisha mtu aliyelelewa kwamba kulala mchana ni aibu. Nilimfuata kwake saa tatu, yeye akiwa mzima kabisa, nikamwamuru ajinyooshe, tukagombana. Alipikia amekaa. Alifunga kitambaa chenye maji ya mtungi shingoni na kwenye viwiko vya mikono. Mara moja nilipata barafu kwa mfanyabiashara mmoja nikaileta nikikimbia kama mtu aliyeiba, nikamwekea magotini. Miguu yake ikakakamaa kama mbao na akalia kwa maumivu. Tangu hapo tulitumia maji ya mtungi tu, baridi ya kawaida, na subira.

Kipimajoto bora alikivumbua yeye. Alikuwa ameanza kusuka tabaga, zile sinia pana za rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula. Aliona kwamba mwili ukianza kupata joto, uzi mwekundu, akiutazama kwa lile jicho la kushoto, unapauka na kuwa kama vumbi la matofali. Hiyo ilitangulia miguu kwa robo saa nzima. "Nyekundu nakufa kwanza," akasema. Basi akifumba jicho la kulia na kuona nyekundu imekufa, aliacha kila kitu na kwenda kujilowesha. Nimefanya kazi na madaktari wengi tangu wakati ule, na sijapata kifaa kilichonisaidia zaidi ya uzi ule.

Kuhusu Mariam, kilichombadilisha ni blanketi. Msimu wa mvua mmoja Halima alishikwa na malaria. Alitetemeka, na Mariam, kwa wema kabisa, akafanya ambalo kila mtu hufanya: akamfunika. Blanketi la kwanza, la pili, la jeshi juu. Alipokuja kuniita alikuwa anakimbia na kilemba kimemwanguka.

"Sista, Dada imekauka. Hasemi. Watu imeanza kumsomea."

Nilikuta wanaume wameketi nje na wanawake ndani wakilia chinichini. Halima alikuwa macho wazi, hawezi kusogeza hata mdomo. Niliyavuta mablanketi yote nikayatupa nje, na mama mmoja mzee akanishika mkono akisema nitamuua. Nilimwambia Mariam alete maji, aloweshe kanga mbili, asisimame. Nikasaga klorokwini nikampa kidogo kidogo kwa kijiko kadiri alivyoweza kumeza. Tulimkanda kwa maji hayo tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha kidole gumba cha mguu wa kulia kikasogea. Mariam akakiona kabla yangu. Akakishika kama mtu anayeshika kifaranga, akaanza kulia.

"Mimi nilikuwa namuua," akasema.

"Hukujua. Na mimi niliwahi."

Nikamsimulia habari ya beseni. Tangu siku ile wale wawili waligombana juu ya kila kitu isipokuwa ugonjwa. Mariam alijua saa za Halima kuliko mimi.

Nisipowaambia kilichofuata mtadhani niliijua kazi yangu.

Mwaka wa 1979 serikali ilipoanguka, Koboko nzima ilimiminika barabarani. Wenye ndugu jeshini waliogopa kisasi kwanza, kisha wote tukaogopa. Khamis hakuwa amerudi tangu vita vianze, na hakurudi tena. Zahanati ilibaki na mimi, kopo la klorokwini na bendeji zilizofuliwa. Wengine walielekea Sudan, wengine Kongo. Mimi nilikwenda nyumbani kwa Halima.

Mpaka si mbali na Koboko. Mtu mwenye miguu mizima angevuka kabla ya saa sita. Sisi tulichukua asubuhi tatu. Tulitembea tangu mapambazuko, Halima katikati, Mariam na mimi pembeni, na uzi mwekundu amejifunga mkononi. Uzi ukipauka tulitafuta kivuli na maji, tukakaa, watu wakitupita na magodoro yao na mbuzi wao. Wengine walitusihi tufanye haraka. Mmoja alisema, "Muache huyo, mutu moja ataua tatu." Halima alisikia.

Siku ya pili, jua likiwa kichwani, bunduki zililia nyuma yetu. Njia yote ikakimbia. Miguu ya Halima ilikuwa imeshakwenda, naye ameketi kando ya kijito kama gunia.

"Nendeni," akasema. "Mariam, wewe mdogo. Nenda."

Nasema kweli, mwili wangu uligeuka kukimbia. Ni Mariam aliyekaa chini.

"Mimi nakwenda wapi bila mutu ya kugombana naye?"

Basi tukaingia kijitoni sote watatu, na nguo zetu, hadi kifuani, chini ya matawi. Tulikaa humo tukizisikia zile bunduki zikisogea na kusita. Baada ya muda mrefu Halima akasema, kama anayezungumza juu ya mtu mwingine, "Miguu imerudi." Tukatoka. Na akatembea, vijana, mchana wa jua kali, amelowa, maji yakimchuruzika kwenye visigino. Alikuwa hajatembea mchana kwa miaka mingi. Alipoanza kukauka tulipata kijito kingine. Tulivuka kesho yake. Upande wa pili aliniangalia akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilijiona nimeushinda ugonjwa.

Tulifikia mahali walipojikusanya watu mamia, vibanda vya nyasi vimebanana, mtaro mmoja wa choo uwanjani bila hata ukuta. Nilimtafutia Halima kibanda chenye kivuli karibu na maji. Nilimfundisha Mariam kila kitu upya, ingawa alikijua. Kisha wakagundua kwamba mimi ni muuguzi. Palikuwa na surua, palikuwa na kuhara damu, na foleni haikuisha. Nilikuja kumwona Halima asubuhi na jioni, nikishika paji la uso, nikiuliza vitambaa vimelowa, nikiuliza uzi uko namna gani.

Wiki ya tatu akapata homa. Nikampa klorokwini ya mwisho. Homa ikabaki. Miguu ikaenda na haikurudi asubuhi. Nikaamrisha maji zaidi, kivuli zaidi, vitambaa kwapani na kinenani. "Anywe sana," nilimwambia Mariam kila nilipotoka. Mariam alinitazama kama anayetaka kusema kitu, na mimi nilikuwa nimeshageuka. Halima alianza kuongea na watu wasiokuwapo, akimuagiza mtu atoe mikate isiungue. Siku ya nne ya homa, jua likichomoza, alikata roho.

Wanawake wa Kiislamu walimwosha, na Mariam pamoja nao. Mimi Mkristo nilikaa nje, nikijiambia kwamba joto limemshinda hatimaye, kwamba hakuna aliyefanya zaidi yangu. Mazishi yalipokwisha, Mariam akaja akakaa kando yangu, mikono yake bado ina mikunjo ya maji.

"Sista, tumbo yake ya chini ilikuwa ngumu kama ngoma. Mkojo ilijifunga ndani."

Sikuelewa.

"Miaka mingi hawezi kushika mkojo," akasema. "Au nataka, na haitoki. Nyumbani tulikuwa na chungu yetu nyuma ya pazia, mimi namwaga. Hapa iko wanaume kila mahali. Akaacha kunywa. Mimi nampa maji, yeye namwaga kwa mchanga. Mimi nasema nitamwambia Sista. Yeye nasema hapana, Sista namheshimu mimi."

"Mbona hukuniambia?"

Hakunijibu kwa hasira. Ndiyo maana bado nalisikia jibu lake.

"Mimi nalifikiri wewe najua. Wewe ndiyo muuguzi."

Miaka saba, vijana. Nilijua saa ambayo jicho lake huzimika. Nilijua vitambaa vingapi kwa saa, na kwamba barafu humkakamaza. Haikuwa siri iliyofichwa katika mashine za Ulaya. Ni swali moja ambalo mwanamke angeweza kumuuliza mwanamke mwenzake wakiwa peke yao, nami sikuliuliza hata mara moja, kwa sababu niliona haya, na haya hiyo nikaiita adabu. Homa niliyoipoza kwa vitambaa ilikuwa inatoka ndani, kwenye kibofu kilichojaa na kuoza, na mpira mmoja wa kutolea mkojo ungeweza kumpa siku nyingine. Labda hata mpira nisingeupata pale. Lakini sikuutafuta.

Mariam alikwenda na watu wake wa Arua kambi nyingine. Sikumwona tena.

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa palepale. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mkakwa, mwenye fimbo, aliyesema kiuno kinamuuma tangu walipovuka. Mkono wangu ulikuwa tayari unakishika kiuno chake. Nikauondoa. Nikawaomba waliokuwa nyuma yake warudi hatua kumi, wakanung'unika, wakarudi. Nikachuchumaa mbele yake ili uso wangu uwe chini ya wake.

"Baba," nikamwambia, "na mkojo unatokaje?"

Alitazama chini. Akageuka kuwatazama wale waliorudi nyuma, akaniangalia mimi, akaangalia tena chini. Nilingoja. Kisha akaanza kusema.